Gari Tuliloliponda Kupita Kiasi

Jambo lote lilitugharimu kroni mia tisa na sabini. Hiyo ni hesabu ya kwanza. Nilipohesabu mara ya pili nikakuta nimesahau mikate ya mdalasini, pamoja na tiketi ya treni niliyoipanda kwa haraka kuelekea upande usio wangu. Ikafika kroni elfu moja kasoro mbili. Na hapo sijatia bei ya gari, kwa sababu gari lenyewe hatukulinunua.

Watu wakisikia hivyo hucheka. Mimi, niliyewahi kununua kochi la watu watatu kwenye soko la mitumba la Vårby gård, ninakochuuzia, kwa bei ya mito yake, nilipe karibu elfu nzima kwa gari ambalo halikuwa letu hata kwa saa moja! Wacheke tu. Lakini wasikilize kwanza.

Ilikuwa vuli ya mwaka wa themanini na saba. Nilikuwa na rafiki yangu Mganda, mkazi wa kitongoji cha Husby, aliyefanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba yao ya kulelewa. Alitoka Kampala na begi moja, akapitia Nairobi, akamwacha mkewe na binti mchanga kwa shangazi Eastleigh, akaja Sweden akiahidi kuwaita baada ya mwaka. Mwaka ule ukazaa mingine mitano. Hatimaye karatasi zikatoka, tiketi zikakatwa, na ikajulikana kwamba Jumamosi fulani ya Oktoba, alasiri, mke na mtoto wangetua uwanja wa ndege wa Arlanda.

Nilikuwapo kwake alipopiga simu kuhakikisha. Simu ya Nairobi wakati ule ilikuwa inakula pesa kama moto unavyokula majani makavu, kwa hiyo nilikaa nikiitazama saa ya ukutani kwa niaba yake. Mke akasema machache, halafu akampa mtoto mkonga wa simu. Sauti ya mtoto ilikuwa kali, tuliisikia wote wawili.

"Wewe ndio yule wa kwenye gari?"

Rafiki yangu akajibu, "Ndio mimi."

"Utakuja na hilo gari?"

Nikamwona akiutazama ukuta, kisha dirisha, kisha mimi. Mtu huyu katika miaka sita ya Sweden hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Akasema, "Nitakuja nalo."

Alipoweka simu chini alikuwa na uso wa mtu aliyeuza bidhaa asiyokuwa nayo dukani. Uso huo naujua, umenilisha miaka mingi.

"Ssebo," akaniita bwana kwa Kiganda, "nimeahidi."

"Umeahidi gari lipi?"

"Lile."

Akaniletea picha. Ilikuwa picha ya harusi yake, Kampala. Yeye yumo ndani ya kanzu nyeupe, mwembamba kama fimbo, nywele zimejaa kichwani, ameegemea gari la Kimarekani jeusi, refu, la kifahari, ambalo tajiri mmoja jirani yao aliwaazima kwa siku ile. Gari lilikuwa refu kiasi kwamba mpiga picha alirudi nyuma mpaka barabarani ili lienee lote pamoja na bwana harusi. Nakala ya picha hiyo ilikaa juu ya kabati Eastleigh. Mtoto amekua akiitazama. Hakuna kingine alichokuwa akikijua kuhusu baba yake.

"Sasa nitazame," rafiki yangu akasema, akavua kofia. Kichwa kikang'aa. Akajipiga tumbo. "Yule pichani utampata wapi hapa? Mtoto atatoka pale uwanjani atafute nini? Atatafuta gari."

"Mwambie ukweli."

"Nitamwambia akishanijua. Kwanza anijue."

Hakukaa chini jioni ile. Alizunguka chumba, akahamisha kiti, akakirudisha. Na mimi ni mtu wa kuambukizwa; nikajikuta nimesimama naye, tunazunguka meza kama watu wanaotafuta ufunguo.

Tukamwendea mtu wa tatu, dereva wa basi, Mtanzania wa Tanga aliyekaa Tensta. Huyu alikuwa akiyajua magari ya Kimarekani kuliko nauli za mji, kwa sababu maktaba ya Tensta ilikuwa na majarida yake na yeye alikuwa msomaji wake wa pekee. Akaishika picha, akaisogeza taa.

"Aaah. Hili! Bado wanalitengeneza, bwana. Jina lile lile. Ila gari silo lile lile."

"Vipi silo?"

"Wamelibuni upya. Wamelifupisha. Magurudumu ya mbele ndiyo yanavuta sasa. Na mgongo," akapiga hewa kwa kiganja, mshazari, "wameukata namna hii. Buti linashuka kama mteremko. Wapenzi wa magari wanagombana kwa ajili ya mgongo huo mpaka leo. Wako wanaosema ni uzuri mtupu, wako wanaosema kuna mtu mnene alilikalia kiwandani."

"Na wewe?"

"Mimi naendesha basi," akasema. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Lipo moja Spånga. Liko chini ya turubai, lina karatasi ya kuuzwa kwenye kioo. Nalipita kila siku."

Spånga ni karibu na Tensta, ila ni nyumba za bustani na uzio. Mwenye gari alikuwa mzee Mswidi, mstaafu, mrefu, mpole. Alitaka elfu thelathini na nane. Rafiki yangu alikuwa na elfu thelathini na mbili, akiba yake yote. Pengo lilikuwa elfu sita. Nikalihesabu mara mbili, likabaki elfu sita, na hapo ndipo nilipochukua usukani wa jambo hili.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kununua kitu sokoni nitaeleza. Kitu unachokitaka hukisifu hata kidogo. Unakiponda. Wanaojua kazi huenda watatu: mmoja ni mpendaji, kazi yake kunyamaza na kuonekana mwenye mashaka, wa pili ni mponda, anatoa kasoro, wa tatu ni mvutaji, anamvuta mpendaji mkono wa shati, "Twende zetu, haya si mambo." Mkifika mlangoni, mwenye mali anaita, "Haya rudini, ongezeni kidogo." Nilikadiria kwamba tusi moja zuri lina thamani ya kroni mia tano. Elfu sita ni matusi kumi na mawili. Nikamwagiza dereva kumi na manne, mawili ya akiba. Mimi nikawa mvutaji.

Jumapili tukaenda. Mzee alilivua turubai taratibu, kama anayempokea mgeni koti. Gari lilikuwa rangi ya divai, limepanguswa mpaka likatuonyesha nyuso zetu. Rafiki yangu akatoa mguno wa raha, nikamkanyaga.

Dereva akaanza. Alizunguka mikono nyuma, kama daktari.

"Mgongo umekatwa," akasema kwa Kiswidi chake safi cha kazini. "Kama mkate uliobaki."

Mzee akatikisa kichwa. "Ndiyo, wengine husema hivyo."

"Injini ya dizeli. Inanguruma kama trekta la maziwa."

"Asubuhi, ndiyo. Kidogo."

"Viti vya mahameli vyekundu. Ni sebule ya mama mkwe hii, si gari. Kwa nje wanasema ni la mwendo kasi. Kasi ya kwenda wapi? Kulala?"

Nilitega sikio nikisubiri mzee aanze kujitetea. Sokoni kila tusi hujibiwa. Mwenye mali anaapa, anacheka, anakutukana nawe. Mzee huyu hakujitetea. Alikuwa akiinama kutazama kila kilichotajwa. Lilipotajwa buti, alikwenda nyuma ya gari akasimama, kichwa upande. Zilipotajwa taa, akazigusa. Kila mara anauliza, "Kweli?" na dereva, ambaye hajawahi kupata msikilizaji mwema namna hii katika maisha yake, akapanda moto. Kufikia la kumi na tatu alikuwa amesahau kwamba tunanunua.

La kumi na nne akapiga magoti, akashika gurudumu la mbele la kushoto, akalitikisa. "Na hili linacheza. Mwenzangu huyu analeta mtoto mdogo. Mtoto asipande hapa."

Nikaona hapo ndipo pangu. "Twende zetu," nikasema, nikamvuta rafiki yangu shati.

Mzee alikuwa amebadilika rangi. Akaenda kwenye kioo, akaibandua ile karatasi ya kuuzwa, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Nawashukuru sana," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniambia haya. Siwezi kuliuza gari hili. Kwa watu wenye mtoto, hapana."

Tukaelekea getini. Nikawaambia wenzangu kwa Kiswahili, "Polepole, ataita tu." Tukatembea kama watu wanaobeba maji. Kweli, tukasikia, "Subirini!" Nikabana meno nisicheke. Nikageuka. Mzee alikuwa anakuja mbio na mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na mikate sita ya mdalasini, ya usumbufu tulioupata.

Tuliila tukitembea kuelekea Tensta, maana ilikuwa ya moto.

"Mmeniponza," rafiki yangu akasema.

"Nilifanya nilivyoagizwa," dereva akasema. "Kumi na manne."

"La gurudumu umelitoa wapi?"

"Yaliisha kwenye la kumi na moja! Mengine nikayatunga."

Siku zilizofuata sikuweza kukaa mahali. Nilikuwa na kabati la kuuza Vårby gård, mnunuzi akaja, nikakubali bei yake ya kwanza. Ndipo nikajua kwamba mimi ni mgonjwa. Nikaenda Husby kumwona rafiki yangu, nikakuta amepiga pasi mapazia. Amepanga viatu vipya vya mtoto dirishani, na hakujua saizi, kwa hiyo jozi tatu. Aliniuliza kama zipo kofia zenye nywele. Nikatoka. Ndipo nilipopanda treni ya upande usio wangu, nikafika karibu na mwisho wa reli kabla sijagundua.

Jumanne nikabeba mikate ya mdalasini, safari hii kwa pesa yangu, nikarudi kwa mzee kulisifu gari.

Sijui kama umewahi kujaribu. Ulimi wangu ulikuwa na miaka thelathini ya kazi nyingine. "Rangi yake," nikasema, "ipo. Na milango inafunga."

"Jumapili mlisema mengine," mzee akasema.

Nikamweleza. Nikamwambia kwamba kwetu kuponda ni adabu ya kununua, na kwamba tulipomaliza tulitegemea atuite. Akanisikiliza mpaka mwisho, akinimiminia kahawa.

"Kwa hiyo mlisema uongo."

"Si uongo. Ni bei."

Akafikiri. "Yote?"

"Yote."

"Hata mgongo?"

Hapo nikachelewa kujibu. Nitasema nini? Mgongo ule mimi kwa dhati ya moyo wangu niliuona mbaya. Nilichelewa sekunde mbili tu, lakini mzee ni mtu aliyezoea kusikiliza, alizisikia zote mbili.

"Kesho jioni," akasema, "njooni maegesho ya kando ya ziwa. Tutawauliza wengine."

Wengine ni wapenzi wa magari ya Kimarekani. Kila Jumatano, kuanzia majira ya kuchipua mpaka chumvi ya kuyeyusha barafu inapomwagwa barabarani, walikutana na magari yao, wakainua maboneti, wakatoa chupa za kahawa, wakasimama wakitazama. Jumatano ile ilikuwa ya mwisho mwisho. Baada ya hapo magari yangelala mpaka Aprili. Tulikuta magari manane au tisa na wanaume waliovaa makoti ya ngozi. Hawakupiga kelele. Baraza la magari la Waswidi ni kama msiba wa watu wastaarabu.

Mzee akawauliza waziwazi: gari langu, mnalionaje? Akawataka wasimfiche.

Mmoja, mwenye gari lenye mapezi nyuma kama papa, akasema Marekani ilikufa siku waliyoweka injini ivute magurudumu ya mbele. Kijana mmoja mwenye ndevu akamkatiza: mgongo ule ndio mstari wa kijasiri pekee waliochora katika muongo mzima. Ujasiri wa kipofu, wa mapezi akasema. Wa tatu, mtu wa makamo aliyevaa kepe, kofia ya ukingo wa mbele, alilitazama gari muda mrefu, akanywa kahawa, akasema, "Ni tofauti."

Masikio ya mwenye gari yakawa mekundu. Dereva akaninong'oneza, "Umesikia? Hapa hilo ndilo tusi kubwa. Kumi na manne yangu hayafiki pale."

Na mara, bila kuagizwa na mtu, dereva akaingia katikati. "Tofauti na nini, bwana? Mstari ule ni wa magari ya wafalme, ya zamani, yale ya kutengenezwa kwa mkono! Mnaona buti limekatwa. Mimi naona joho linaburuzwa chini." Akachora hewani, akapita na kiganja juu ya buti bila kuligusa. Picha ya mgongo huo, akakiri, ilikuwa imebandikwa ndani ya kabati lake la kazini tangu alipoanza kuendesha basi.

Mzee akamkodolea macho. "Wewe si ndiye uliyesema mkate uliobaki?"

"Hiyo ilikuwa Jumapili," dereva akasema. "Jumapili nilikuwa kazini."

Wakaanza wote. Nilisikia zaidi ya maoni kumi, na hakuna mawili yaliyolingana. Dizeli ni hekima, dizeli ni aibu. Mahameli ni heshima, mahameli ni danguro. Rafiki yangu alikuwa pembeni anakwenda na kurudi, hatua chache huku, hatua chache kule, na mimi nikamwona kwamba karibu atavunjika. Akasimama katikati yao.

"Samahani," akasema. Kiswidi chake kilikuwa cha kazini kwake, cha kuongea polepole na wazee. "Mimi sijui magari. Nina swali moja." Akatoa picha mfukoni. Akawaeleza kuhusu mtoto, na simu, na alichoahidi. "Mtu aliyeliona hili la pichani tu, akija akaliona hili lenu, atalijua?"

Picha ikapita mkono kwa mkono. Mwenye mapezi akavaa miwani. Wakaanza kulizunguka lile gari la rangi ya divai, na safari hii hawakulitazama kwa kupenda wala kuchukia. Wakasimama mbali, wakasogea, mmoja akachuchumaa.

"Ameitazama picha tangu ana umri gani?" akauliza mwenye mapezi.

"Tangu ana miezi. Sasa ana sita, karibu saba."

"Basi macho yake yako hapa," akaonyesha kimo cha taa za mbele. Yeye mwenyewe akateremka mpaka kimo hicho, mwanamume mzima, goti kwenye lami. Wengine wakamfuata. Nikawaona wapenzi saba wa magari wamepiga magoti mbele ya gari moja, wanalinganisha.

"Nyuma, hapana," akasema wa kepe. "Ubavuni, hapana."

"Mbele, ndiyo," akasema mwenye mapezi. "Wavu wa mbele ni ule ule. Na nembo inasimama pale pale juu ya boneti. Alaa, hawakuigusa." Akainuka akijipangusa, kana kwamba imemuuma kulikubali gari lile kitu chochote. "Liegesheni uso ukimtazama yeye. Asione nyuma."

Hayo ndiyo yalikuwa maoni yao ya pamoja, na sikuwahi kusikia mengine.

Mzee akasema habari ya kuuza tutaizungumza baadaye. Jumamosi ataendesha mwenyewe. Lakini kwanza atalipeleka gari kwa fundi kwa ajili ya gurudumu la kushoto. Nikaapa kwamba gurudumu ni zima, kwamba tulilitunga. "Inawezekana," akasema, "lakini limeshasemwa." Fundi akakuta ni zima. Bili nikailipa mimi. Katika matusi yote kumi na manne, lile ndilo pekee lililotolewa risiti.

Jumamosi tulikwenda Arlanda wanne. Mzee alilisimamisha gari mbele ya mlango wa wanaowasili, uso ukitazama mlango, sawasawa kama tulivyoelekezwa. Rafiki yangu alivaa kanzu nyeupe juu ya sweta mbili. Dereva akaingia ndani kuangalia ubao, akatoka, "Imetua." Akaingia tena, akatoka, "Bado wako kwenye mabegi." Nami nilikuwa nikihesabu watu waliotoka, familia kwa familia, bila sababu.

Mlinzi akaja. Hapa hakuegeshwi. Mzee akamweleza kwa upole kuhusu mtoto. Mlinzi akasema mtoto atalikuta gari maegeshoni kama watoto wengine. Mzee, ambaye hajawahi kuvunja sheria hata ya bustani, akawasha injini akazunguka uwanja, akarudi. Mlinzi akaja tena. Akazunguka tena. Mara ya tatu gari lilikuwa ndiyo kwanza linaondoka, mgongo umetugeukia sote, wakati mlango ulipofunguka na mwanamke mmoja aliyevaa buibui na koti la kuazima akatoka, amemshika mkono msichana.

Rafiki yangu hakusogea. Nilidhani atakimbia, lakini alisimama kama aliyepigwa misumari. Mke akamwona, akatabasamu. Mtoto hakumtazama. Alikuwa akilitazama gari linaloondoka, ule mgongo wenyewe.

"Silo hilo," akasema.

"Mwanangu, msalimie baba," mama akasema.

"Silo." Akajificha nyuma ya buibui.

Sijawahi kuona zunguko la gari likichukua muda mrefu vile. Tulisimama watu wazima wanne na mabegi mawili. Halafu gari likatokea kwenye kona, taratibu, uso mbele, taa zimewashwa mchana kama sheria ya nchi inavyotaka, na ile nembo ndogo imesimama juu ya boneti. Mzee akasimama hatua chache kutoka kwetu. Akazima injini, liwalo na liwe.

Mtoto akatoka nyuma ya buibui. Akalisogelea gari, akasimama mbele ya taa; uso wake ukafika pale pale ambapo mwenye mapezi alipiga goti. Akatazama sana. Akazunguka ubavuni, akarudi.

"Wamelikata nyuma," akasema.

"Ndiyo," rafiki yangu akajibu. "Wamelipunguza."

Ndipo akamtazama yeye, kuanzia viatu. "Na wewe wamekuongeza."

Mama akashika mdomo kwa mikono miwili, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na machozi pamoja nacho. Mtoto hakucheka. Kazi yake ilikuwa haijaisha. Akanyoosha kidole kwenye boneti.

"Simama hapo. Egemea."

Baba akaegemea. "Mkono," mtoto akasema. Akaweka mkono kama wa pichani. "Kofia toa." Akavua. Akakaa hivyo kwenye baridi, kipara wazi, kanzu inapepea, mlinzi anakuja tena kutoka upande wa pili. Mtoto alimkagua muda wake wote alioutaka, mimi ninayeishi kwa kukagua vitu sijawahi kukagua hivyo.

"Haya," akasema, akaenda kufungua mlango wa gari.

Njiani mzee aliniuliza mtoto alisema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno. Akaendesha mpaka tukapita mabango mawili. "Hayo," akasema, "ndiyo maoni ya haki kuliko yote niliyoyapata kuhusu gari hili."

Nyuma, mtoto alikuwa amegundua kitufe kinachopandisha na kushusha kioo, na baba yake anamwonyesha cha kiti. Mke akaniinamia begani. "Shemeji, hili ni la nani?"

"Ni la mzee huyu. Mumeo anataka kulinunua."

"Bei gani?"

Nikamtajia. Akamtazama mtoto. "Na nyumbani kuna vitanda vingapi?"

"Kimoja," nikasema.

Hapo biashara ikaisha, na mzee hakuhitaji tafsiri. Wiki iliyofuata nilikwenda nao kununua vitanda. Nilinunua kwa bei iliyoandikwa. Muuzaji alisema ni vizuri, nikasema ndiyo, ni vizuri, na nikatoka nje haraka kupata hewa.

Miaka miwili imepita. Mtoto sasa anamjibu baba yake kwa Kiswidi na anamsahihisha mbele za watu. Dereva bado ana picha kabatini. Nami wiki iliyopita nilipigiwa simu na mzee wa Spånga. Sauti yake haikutulia. Nikamsikia akitembea, waya wa simu ukigonga kitu. Kiwandani, akasema, walikuwa wamelibuni tena gari lile, mgongo wameurudisha kama wa zamani, ila wamelifupisha zaidi, na mtu mmoja analiuza. Amekwenda kulitazama mara nne. Wenzake wa Jumatano wamegawanyika nusu kwa nusu, na wa kepe amesema tena kwamba ni tofauti.

"Jumatano njooni," akasema. "Mleteni yule mtoto, nitamfuata mwenyewe Husby kama mama ataruhusu. Na yule dereva aje, lakini mwambie asije kununua, aje kutazama. Sitaki bei, nataka ukweli. Nishaurini: nilichukue hilo jipya, au nibaki na hili mlilolitukana?"